Punda wa Masele, Uso wa Mabula

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikapata ujanja wa kulizungukazunguka. Nilimchora mtu akiongoza punda ambaye hakuwahi hata kumgusa, nikaandika tarehe chini yake, na nilipoulizwa mbele ya kijiji kizima kama nilimwona, nikasema nilimwona. Yaliyobaki ni maelezo, na maelezo ya mkosaji huwa marefu. Nivumilieni.

Jina langu ni Martina, ingawa huku wote wananiita Mama Davis. Kwa miaka kumi na mmoja nilichora ramani za chini ya ardhi kwa wachimbaji wadogo huko Geita: duara, yaani shimo la kuchimbia, linashuka wapi, linakata kona wapi, limekaribiana vipi na duara la jirani. Ilikuwa kazi ya penseli, rula na wembe wa kuchongea. Ukikosea kidole kimoja kwenye karatasi, wenzako wanatoboa ukuta na maji yanawaingilia. Kwa hiyo tulifundishwa kuchora tulichopima tu, na chini kulia, kila karatasi, tarehe, mahali na jina la mchoraji. Duara letu lilipojaa maji moja kwa moja nikarudi nyumbani, kijijini kwetu nyuma ya Mhunze, nikiwa na boksi la penseli na sifa. Sifa ndiyo iliyoniponza.

Watu walisema mkono wa Mama Davis haudanganyi. Walisema umewahi kuokoa wanaume chini ya ardhi. Mimi sikuwakatalia, na nani angekataa?

Siku za mnada nilikaa na daftari langu karibu na zizi, nikachora watu na wanyama wao: mama anayefunga madumu mgongoni mwa punda, mzee anayekagua meno ya ng'ombe. Wachoraji wa nchi nyingine wamejaza madaftari yao farasi. Sisi farasi hatuna, Mungu alitupa punda, na sioni kama alitupunja. Punda ana magoti ya mzee na macho ya mtu aliyesikia habari mbaya akaamua kuendelea na kazi.

Tatizo la punda ni kwamba hakai. Ukimaliza masikio, amegeuka. Ukishika mgongo, mwenyewe kamswaga, wameondoka. Kwa hiyo nilikuwa na namna yangu ya kufanya kazi ambayo sikumweleza mtu. Kwenye daftari nilikuwa na vipande tu: leo kichwa cha punda, wiki ijayo mkono wa mtu umeshika kamba, wiki nyingine shingo. Nikifika nyumbani navichanganya kwenye karatasi nzuri, mtu wa mnada huu na punda wa mnada ule, mpaka wanakaa pamoja kama waliozaliwa nyumba moja. Kisha, kwa mazoea ya Geita, naandika chini kulia tarehe, mahali na jina langu. Sikuwahi kujiuliza ile tarehe ilikuwa ya nani kati yao.

Sasa huyo punda. Alikuwa dume la kijivu, sikio la kushoto limechanika mara mbili. Nilimwona mnadani akiongozwa na kijana mgeni mwenye kapelo, mwenye haraka, anayetazama nyuma. Nilimchora punda vizuri sana, kwa sababu alisimama, maskini, amechoka. Nikaanza na yule kijana pia. Nilishapata kidevu, pua na lile kapelo. Halafu nikamtazama, nikaona uso hauna kitu, nikachukua raba nikamfuta. Nasema tena ili niisikie mwenyewe: nilikuwa na uso wa mwizi kwenye daftari langu, nikaufuta kwa sababu haukunipendeza.

Nilipofika nyumbani nikatafuta mtu wa kumshikisha kamba. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemchora jirani yangu Mabula akivuta mkokoteni. Mabula ana shingo ndefu na mabega yanayoshuka vizuri, na uso mpole kidogo kupita kiasi. Nikamweka hapo. Picha ikakaa, nikafurahi, nikaiandika tarehe ya ule mnada wa punda. Siku iliyofuata nikaipeleka kwenye kibanda cha chai cha Dorah, anakonitundikia picha ukutani wateja wazione.

Ilikaa pale siku tisa. Siku ya kumi akaingia Mzee Masele, amechoka, viatu vimejaa vumbi. Punda wake alikuwa ameibwa usiku wa kuamkia ule mnada, na alikuwa amemtafuta mpaka Ibadakuli na kurudi. Akaagiza chai. Akainua macho ukutani.

Dorah anasema hakupiga kelele. Aliiweka chai chini taratibu, akasogea, akagusa lile sikio kwa kidole. Kisha akasoma tarehe.

Jioni mwano ukapigwa. Ule ukelele ukipigwa kwetu hakuna anayebaki ndani, mwanaume huchukua rungu na mwanamke hufunga kanga kiunoni. Tukakusanyika uwanjani. Deusdedit, mtemi wa sungusungu wetu, alikuwa ameishika picha yangu kwa mikono miwili. Mabula alikuwa amekalishwa chini.

"Mimi siku hiyo nilikuwa shambani napalilia pamba," Mabula alisema. "Mnada wenyewe sikwenda."

"Nani alikuona?"

"Mama."

Mama yake, Bibi Limi, alikuwa ameletwa akishikwa mkono, maana macho yake yalishakuwa na ukungu. "Mwanangu alikuwepo," alisema. "Nilimsikia akikohoa shambani, akaja akanipa maji." Watu wakatazamana. Mama atasema nini kingine?

Deusdedit akanigeukia. "Mama Davis, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu mtu kwenye karatasi ni nani?"

"Ni Mabula."

"Na punda?"

Nilikuwa nimeshamtambua kwa maelezo ya sikio aliyoyatoa Masele pale uwanjani. "Ni wa Masele."

"Uliwaona kwa macho yako?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: niliwaona, lakini siku mbalimbali. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu nikamsikia mwanaume mmoja akinong'ona, "Huyu mama naye, si anachora tu kutoka kichwani?" na mwenzake akacheka. Damu ikanipanda. Miaka kumi na mmoja ya maduara, nami leo ni wa kuchekwa na mtu asiyejua hata kushika penseli!

"Mimi sichori nisichokiona," nikasema, kwa sauti ya juu.

Uwanja mzima ukapumua. Mabula aliinua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyepigwa kofi na shangazi yake.

Masele alikuwa tayari amekwenda polisi, wakamwambia alete punda, si picha ya punda. Lakini sungusungu hawahitaji punda. Deusdedit akasimama akatoa hukumu ya kususia. "Kuanzia leo Mabula hana salamu kwetu mpaka amrudishe punda. Hapewi moto, haombi chumvi, haazimwi jembe. Shida yake ni yake na msiba wake ni wake. Atakayemsogelea, naye tutamhesabu kuwa ni wa kundi lake."

Nilirudi nyumbani nikajiambia kesho nitamwendea Deusdedit faraghani. Kesho ikaja na wageni. Mtu mmoja kutoka vijiji vya mbele alitaka nimchoree ng'ombe wake wote mmoja mmoja, ili wakiibiwa awe na ushahidi. "Kwa mkono wako, mama, hata mahakamani naingia," alisema. Nilichora. Baada yake akaja mwingine. Jina langu lilitembea mpaka Mhunze, na kila aliyekuja kunisifu alinifungia mlango wa kutokea. Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa hivyo utotoni. Yangu ilikuwa fupi kweli: ilianzia uwanjani ikaishia jikoni kwangu, na humo nikakaa.

Na nyumba ya Mabula iko mbele ya yangu. Nilikuwa naona kila kitu. Mkewe, Vumilia, aliacha kuteka maji kisima cha karibu, akawa anakwenda bwawani, mwendo wa saa nzima. Asubuhi nilimwona Mabula akipekecha moto wa vijiti kwa kuwa kiberiti kimeisha na dukani hauziwi. Siku moja tulikutana uso kwa uso njiani. Kwa mazoea akaanza, "Shika...", halafu akakumbuka, akaimeza. Mimi nilipita. Nilikaza macho mbele kama mtu mwenye safari ya maana, kumbe nakwenda kununua vitunguu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma nikampa jirani ale peke yake.

Hali hiyo ilikwenda miezi mitatu. Pamba ilipoanza kupasuka, Bibi Limi akafa.

Kilio cha Vumilia kilianza asubuhi. Kwetu kilio kikisikika, hata mgomvi wako anaacha jembe. Wanaume wanachimba kaburi kwa kupokezana, wanawake wanapika, vijana wanatafuta kuni. Asubuhi ile kila mtu alisikia, na kila mtu akaendelea kufagia uwanja wake. Nilimwona Masele mwenyewe ametoka nje, amesimama, ameweka mkono kiunoni, kisha akarudi ndani. Nadhani hata yeye iliingia moyoni. Lakini hukumu ni hukumu, na hukumu ilisimama juu ya karatasi yangu.

Mimi nilifunga mlango. Nikasogea dirishani.

Mabula alichimba kaburi peke yake mpaka saa nane, ndipo shemeji yake akafika kwa basi kutoka Chato, akavua shati bila hata kunywa maji akashuka shimoni. Saa kumi wakamtoa marehemu. Jeneza hakuna, alizungushiwa mkeka na shuka. Walimlaza kwenye mkokoteni, Mabula akavuta mbele, shemeji akasukuma nyuma, Vumilia akashika mkeka kwa pembeni usiteleze. Walipita mita thelathini kutoka kwangu. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Mabula aliinamisha ile shingo niliyoipenda.

Na nitasema jambo ambalo sijamwambia hata padri. Mkono uliniwasha kuchora. Nilikuwa nimeshatazama penseli iko wapi. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo, nikaketi sakafuni nikalia kwa aibu, wala si kwa msiba.

Siku nne baadaye nilikwenda kwa Deusdedit. Nilimweleza yote, pamoja na yule kijana wa kapelo niliyemfuta. Alinisikiliza akitafuna ukindu, kisha akasema haya mambo hayasemwi chini ya paa moja, akaitisha uwanja.

Nikasimama pale pale niliposimama mwanzo. "Nilidanganya," nikasema. "Mabula sikumwona na punda. Nilimchora siku nyingine, nikawaunganisha nyumbani."

Nilitegemea watu wakasirike. Hawakukasirika. Hawakuniamini.

"Mama Davis," alisema Masele, kwa upole wa kutisha, "umepewa nini?"

"Sijapewa kitu, baba."

"Basi umeona msiba ukaingiwa huruma. Sisi sote tuna huruma. Lakini ile karatasi uliichora kabla hujaingiwa huruma. Karatasi haina huruma. Naamini karatasi."

Watu wakaitikia. Yule aliyenicheka safari ya kwanza ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote. Niliwafundisha mwenyewe kuamini mkono wangu kuliko mdomo wangu, na walikuwa wamefuzu vizuri.

Nikaomba kiti. Nikaomba ubao wa kuegemeza. Nikatoa karatasi mfukoni, nikachonga penseli kwa wembe mbele yao, nikaanza. Walisogea. Kwanza likatoka lile sikio lililochanika, maana nalijua hata nikiwa nimefumba macho. Kisha mgongo, miguu, magoti ya kizee. Masele akasema, "Ndiye, ndiye huyo." Kisha mkono umeshika kamba. Bega. Nilipofika usoni, mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yesu na Maria!" Mtu wa kwenye karatasi alikuwa ni Deusdedit, mtemi wa sungusungu, na ile ndita yake ya katikati ya paji, anaongoza punda wa Masele. Chini kulia nikaandika tarehe ya mnada ule ule, nikasaini.

Nikampa Masele.

"Umeona?" nikamwambia. "Sasa kamkamate na huyo."

Hakuna aliyecheka. Deusdedit aliichukua akaitazama muda mrefu, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati. "Mabula hana kosa," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumemzikisha mama yake kama... Salamu zimerudi. Kesho asubuhi wote tunakwenda kwake, kila mtu na jembe lake, tukalirekebishe kaburi." Kisha akanitazama. "Wewe hatutakususia, Mama Davis. Ingekuwa nafuu kwako. Wewe utatutangulia kwake, peke yako, leo hii."

Niliondoka. Watu walinipisha njia, wakavuta watoto pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Geita hakuna aliyenisalimu.

Mabula alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Uwanjani hakuwa amekuja, kwani nani angemwita? Lakini habari zilishanitangulia, niliona kwa jinsi Vumilia alivyosimama mlangoni. Nilikuwa mkubwa kwa Mabula kwa miaka ishirini, na yeye ndiye wa kunipa shikamoo. Hakunipa, na ningeshangaa angenipa.

"Mwangaluka," nikamsalimu mimi, kwa Kisukuma chetu.

Kwa kuwa ni mtu mpole kidogo kupita kiasi, akaitika, "Mwangaluka."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea. "Nimekukosea wewe na mama yako. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa kuchekwa."

"Kuchekwa," akarudia, kama anayeonja kitu.

"Ndiyo."

Alisuka kamba mapindo matatu, manne. "Wanasema umemchora Deusdedit na punda, na alikuwa hasa yeye."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaweza kumweka mtu yeyote mahali ambapo hakuwepo."

Mabula akanyanyuka akaingia ndani, akatoka na kalenda ya mwaka jana, kubwa, upande wa nyuma mweupe. Akaitandika juu ya meza ndogo ya kulia chakula, akaweka jiwe kila pembe.

"Niwekee watu kwenye mazishi ya mama."

Nilimwambia, "Baba, usinifanyie hivyo." Akanisogezea kigoda.

Nikachora kaburi kwanza, na mkokoteni, na Bibi Limi ndani ya mkeka. Nikachora Mabula, Vumilia na shemeji. Kisha akaanza kutaja. "Masele, muweke shimoni, anachimba. Deusdedit amvute mama, mimi nimechoka. Dorah yuko motoni anapika." Alitaja nyumba kwa nyumba kwa jinsi zilivyopangana, hakuruka hata moja, na kwa kila mmoja alinipa kazi: huyu kabeba kuni, yule kamshika Vumilia anayelia, wale wanaimba. Nilichora mpaka vidole vikawa vyeusi. Vumilia alisogea akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika alipomwona shangazi fulani amemshika mabega. Picha ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonisumbua. Yalikuwa mazishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na hayakuwepo.

Majina yalikuwa yameisha, isipokuwa moja.

"Na mimi," nikauliza, "nijiweke wapi?"

"Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Dirishani." Nikaongeza, kwa kuwa sasa nilikuwa nimechoka kuficha, "Niliwaona mkipita."

Aliinama juu ya karatasi, akatafuta kwa kidole mpaka akapata pembeni palipobaki peupe.

"Basi jichore hapo hapo ulipokuwa."

Nikachora nyumba yangu, ndogo, mbali, na dirisha, na ndani yake kivuli cha kichwa. Alitazama akatikisa kichwa.

"Haionekani ni nani," alisema. "Futa. Fanya dirisha kubwa, uso uonekane."

Nikachukua raba.